Daftari la kiasi: kumbukumbu za Kwaresima dukani Kariakoo

Jumatano ya Majivu, 5 Machi 2025

Leo nimeanza mradi ambao chombo chake ni kimoja tu, nacho ni daftari dogo la mistari nililolichora safu tatu: saa, neno nililolitoa, na jambo lililotangulia. Kila nitakapofoka, nitakapokejeli au nitakapomjibu mtu kwa ukali, nitaandika kabla saa nzima haijapita, bila kujitetea. Sikuweka nadhiri ya kutokasirika, kwa sababu nadhiri ya namna hiyo nilikwisha kuiweka mara tatu na haikuwahi kufika Ijumaa.

Sababu ya kuanza sitaizungusha. Mwezi uliopita kijana anayenisaidia kuuza mapazia alimkatia mteja mita tano za kitambaa mahali pa sita, nami nikamfokea mbele ya watu mpaka wauzaji wa upande wa pili wa mtaa wakageuka kutazama. Hakunijibu. Alikunja kitambaa, akanawa mikono, akaondoka, na kwa siku mbili hakuonekana. Aliporudi aliniambia "Shikamoo, mzee" kwa sauti ya mtu anayeingia ofisi ya serikali. Hasara ya kitambaa naijua kwa shilingi. Hii nyingine sijui niiandike katika hesabu gani.

Jumapili, 9 Machi

Neno lenyewe limenishughulisha. Tunda la Roho katika Wagalatia 5:22-23, kwa tafsiri ya Union, linaanza na upendo na kuishia na kiasi. Mimi neno hilo hulisikia kutwa kwa maana nyingine, kwani mteja akishika pazia swali lake ni "hili kiasi gani?", na kwa miaka mingi nimelisoma andiko lile kana kwamba Paulo anatuonya tusizidishe tu: tusile mno, tusinywe mno, tusikasirike mno, yaani hasira ya wastani inaruhusiwa. Mchungaji wetu, nilipomwuliza baada ya ibada, alinieleza kwamba neno la Kigiriki ni enkrateia, nalo limejengwa juu ya kratos, yaani nguvu au mamlaka. Linamhusu mtu anayejimiliki. Kumbe si suala la kipimo, ni la utawala. Mithali 25:28 inamfananisha asiyetawala roho yake na mji uliobomolewa, usio na kuta, na mji wa namna hiyo hausubiri jeshi. Mpita njia yeyote huingia, hata mteja aliyesema mapazia yangu yanachuja.

Jumatano, 12 Machi

Juma la kwanza limetoa maandishi 11. Nilitarajia matatu au manne, kwa kuwa nilijihesabu mtu mpole mwenye siku mbaya chache.

Kilichonishangaza zaidi si idadi bali safu ya kwanza. Tisa kati ya hayo 11 yalitokea baada ya saa tisa alasiri, na katika safu ya tatu, ninapoandika lililotangulia, nimeandika "sijala" mara sita. Hufungua duka saa mbili asubuhi, hunywa chai na chapati moja saa tatu, kisha huahirisha chakula cha mchana kwa sababu wateja wa mikoani hutaka mizigo yao ifungwe mapema wawahi mabasi, na joto la Machi chini ya mabati, kabla masika hayajashika vizuri, halina huruma na mtu. Nimeona haya kidogo kugundua kwamba sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nikikiungama kanisani kama ugumu wa moyo ilikuwa njaa.

Hata hivyo, sidhani kwamba ugunduzi huu unaiondoa habari yangu mbele za Mungu. Katika 1 Wafalme 19, Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwekea mkate na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale mara ya pili, na mazungumzo yenyewe yalingoja mpaka Horebu. Kuanzia kesho nitakula saa saba, hata kama wali maharage wa mama ntilie itanibidi niule nimesimama mezani pa kukatia vitambaa.

Jumamosi, 22 Machi

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeangukiana. Jirani yangu wa kushoto, muuza mashuka, jana alitolewa maneno mazito na mteja kwa sababu ya bei, akajibu, "Ndugu yangu, mimi nimefunga," akaendelea kukunja shuka lake. Nilipomwuliza baadaye, aliniambia kwamba ndivyo Mtume wao alivyofundisha: mfungaji akitukanwa na aseme amefunga. Nimelitafakari jibu lile tangu jana. Naona nguvu yake ni kwamba lilitayarishwa kabla, halikutafutwa wakati damu ilipokwisha kupanda. Mimi hukitafuta kiasi katikati ya tukio lenyewe, kama mtu anayeulizia mwavuli pale bonde la Jangwani lijaalo mafuriko, ilhali maji yamekwisha kumfika magotini.

Kwa hiyo nimetayarisha maneno mawili. La kwanza ni la Zaburi 141:3, ombi la kuwekewa mlinzi kinywani, ambalo nalisema asubuhi ninapofungua makufuli. La pili ni la kijana wangu: kosa lolote la kitambaa likitokea, nitasema "Tupime tena" na si neno lingine. Nimelijaribu mara mbili juma hili. Mara ya kwanza lilitoka kwa meno, lakini lilitoka.

Jumapili, 30 Machi

Juma la pili maandishi saba, la tatu matatu, la nne hadi leo moja tu, tena katika siku hizi za kuelekea Idi ambapo Kariakoo haina pa kukanyaga. Leo katika jumuiya nilisimama kutoa ushuhuda, na daftari nikalionyesha. Nilipomaliza, mzee wa jumuiya alinipongeza, kisha akamgeukia mke wangu: "Na wewe, mama, umeonaje?" Akajibu kwa upole, "Mzee wangu, mimi sijaliona. Daftari hilo linalala dukani."

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Njiani kurudi nyumbani sikucheka. Ni kweli kwamba nimekuwa mtu wa heshima mtaani, na ni kweli vilevile kwamba nikifika nyumbani najibu kwa mkato, nanuna, na watoto huzima televisheni wakisikia geti. Kile nilichokizuia mchana nimekuwa nikikishusha usiku, kama mzigo uliobadilishiwa kituo. Na swali lililoninyima usingizi ni hili: mbona ninajizuia mahali penye faida tu? Mteja asiyefokewa hurudi. Adabu ya dukani ni mtaji, na hata asiyemcha Mungu anaijua.

Nimemkumbuka Feliki, yule liwali wa Matendo 24. Paulo alipomweleza habari za haki, kiasi na hukumu itakayokuja, aliingiwa na hofu, akamwambia aende zake mpaka apate nafasi. Lakini aya inayofuata inasema alizidi kumwita mara kwa mara, kwa kuwa alitaraji kupewa fedha. Alilisikiliza somo la kiasi kwa jicho la biashara. Sikupenda kujiona katika mtu huyo, ila siwezi kusema simfahamu.

Jumapili, 6 Aprili

Daftari sasa linasafiri mfukoni. Juma la tano lina maandishi tisa, na yote tisa ni ya nyumbani. Ukiangalia tarakimu peke yake, nimerudi karibu nilipoanzia. Ila nadhani tarakimu za majuma yaliyotangulia zilikuwa pungufu.

Mfano mmoja unatosha. Jumatano, saa mbili usiku, binti yangu aliniletea hesabu za sehemu nimsaidie, nikamwambia, "Huoni nimechoka?" Katika safu ya tatu nimeandika "nimesimama kwenye basi la mwendokasi tangu Msimbazi". Alirudisha kalamu kwenye mkebe, akaenda kumwuliza mama yake. Nilimfuata baada ya dakika kumi, nikamwomba radhi, tukazifanya hesabu zile, naye alizijua zote isipokuwa moja. Huenda alitaka tu kukaa karibu.

Tangu hapo ninashuka Korogwe, kituo kimoja kabla ya Kimara mwisho, na kutembea sehemu iliyobaki. Katika matembezi hayo nasali, au nanyamaza, na mengi ya mchana yanabaki barabarani. Nikifanya hivyo simaanishi kwamba kutembea kunanitakasa. Tito 2:11-12 inasema neema ndiyo inayotufundisha kuishi kwa kiasi, nami mwanafunzi kazi yangu ni kuhudhuria darasa.

Shemeji yangu, ambaye ni Mkatoliki, alipoona daftari aliniambia kwamba sijabuni kitu: Ignatius wa Loyola, katika karne ya 16, aliagiza mtu achague kosa moja, aweke nukta katika mstari wa siku mara mbili, baada ya chakula cha mchana na baada ya cha jioni, kisha alinganishe siku na siku na juma na juma. Sisi Walutheri huwa hatumwendei Ignatius kwa ushauri, lakini hili limenifaa. Angalau yeye hakuagiza nukta hizo zisomwe kwenye jumuiya.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo aliyekosea kupima ni mimi. Mteja kutoka Morogoro alitaka mita nane, nikakata saba, nikiwa naongea na simu. Kijana wangu aliona, akasogea na rula, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, tupime tena."

Lilinipanda hadi kooni; sitaficha, kwani limeandikwa katika safu ya pili kama neno nililolimeza. Kisha tukapima tena, tukamkatia mteja kitambaa kingine, na kile kipande cha mita saba nikakiweka chini ya meza. Tulipokuwa tunafunga duka nilimwomba radhi kwa lile la Februari, kwa kulitaja lilivyokuwa, mbele ya jirani muuza mashuka ambaye alikuwepo siku ile. Alisema, "Nilishasahau, mzee." Lakini alikuwa anatazama kufuli.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita, na daftari bado lina kurasa nyingi, hivyo naendelea nalo. Nimeongeza safu ya nne ya kuandika nani alisikia, kwa kuwa nimegundua safu tatu za mwanzo zote zilinihusu mimi. Leo kuna andiko moja: saa 1:40 usiku, "Ngoja basi!", mvua, nimelowa, sijaoga, mtoto wa mwisho.