Kompyuta inayojizima: kumbukumbu ya mradi wangu, Mikindani

Hali ilivyokuwa

Kompyuta ya mradi huu ni ya mezani, ya mtumba. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, zile zilizotoka 2013, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya DDR3 gigabaiti 8 kwa vipande viwili, na SSD, diski isiyozunguka, niliyoiongeza mwenyewe. Kazi yake ni moja tu: kuhamisha kaseti za ukoo kwenda kwenye faili. Zipo za harusi, zipo za mawaidha, na zipo za ngoma ya sindimba alizorekodi mjomba alipokuwa akiishi Newala. Deki ya kaseti inachomekwa kwenye tundu la sauti, programu ya Audacity inarekodi, basi.

Shida ni kwamba inaanguka bila taarifa. Upande mmoja wa kaseti ya C90 ni dakika 45, na hakuna njia ya mkato: mkanda unachezwa kwa mwendo wake, nawe unasubiri. Ikizimika ukingoni mwa upande, unarudisha mkanda mwanzo. Audacity hujitahidi kuokoa kilichokwisha kurekodiwa, lakini wimbo uliokatika katikati ni kazi ya kurudia tu. Mikanda yenyewe imezeeka, mingine inalia ikizunguka, na sitaki ipite kwenye kichwa cha deki zaidi ya inavyolazimu. Nikasimamisha kurekodi mpaka nijue kinachoiangusha mashine ni kipi.

Ushauri wa mtaani ulikuwa wa namna mbili: piga Windows upya, au nunua nyingine. Wa kwanza niliufuata kwa sababu hauna gharama. Windows mpya, kwenye diski iliyofutwa kabisa, ikaanguka kabla hata sijamaliza kuweka draiva, zile programu za kuendesha vifaa. Hapo programu nikaziondoa kwenye orodha ya washukiwa, nikachukua bisibisi.

Daftari

Kabla ya kufungua kitu nilianzisha daftari. Kila ikianguka naandika saa, ilikuwa inafanya nini, imeanguka vipi, na nini kinaendelea nyumbani na kwa majirani. Kwa hitilafu inayokuja ikitaka na kuondoka ikitaka, sijaona chombo kinachozidi daftari. Kumbukumbu ya kichwani humwonea yule aliyeguswa mwisho: ukibadilisha waya leo, kisha mashine ikatulia siku mbili, utaapa kwamba waya ndio uliokuwa na kosa.

Windows nayo ina daftari lake la matukio, nalo lilikuwa limejaa mstari wa Kernel-Power 41. Watu wengi wakiuona huu hudhani wamelipata jina la ugonjwa. Si hivyo. Mstari huo unaandikwa kompyuta inapowaka tena, nao unasema tu kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu. Ni tangazo la msiba. Sababu ya kifo haimo. Kilicho na maana kiko ndani yake, kwenye namba ya BugcheckCode. Ikiwa sifuri, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa: umeme ulikatika, au mashine iliganda kabisa.

Nilizima pia ule mpangilio wa kujiwasha upya kila kosa linapotokea, ili skrini ya bluu ibaki mbele yangu niisome kwa utulivu.

Baada ya wiki kadhaa daftari likaonyesha kitu ambacho nisingekiona kwa macho. Maanguko yalikuwa ya aina mbili, hayafanani hata kidogo. Aina ya kwanza ni skrini ya bluu, na ujumbe wake unabadilika: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa jingine. Aina ya pili haina skrini ya bluu. Giza ghafla, sekunde moja, halafu nembo ya mazabodi, ile bodi kuu, inatokea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hizo ndizo zenye sifuri.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta makosa mawili. Ndiyo sababu kila jaribio la awali lilionekana kusaidia nusu nusu.

Nilivyoondoa vya haraka

Joto: prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zote haikuvuka nyuzi 70, na hizi huanza kujipunguza kasi zikikaribia 100. Si joto. Diski: taarifa za afya yake safi. Nyaya za swichi za mbele ya kasha nilizichomoa, kwa sababu swichi iliyoharibika ndani inaweza kuristati mashine bila mtu kuigusa, hakuna badiliko. Betri ndogo ya CR2032 inasoma volti 3 na pointi. Pasta ya prosesa ilikuwa imekauka lakini niliiacha vilevile. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, hujui kipi kimekusaidia.

Aina ya kwanza: RAM

Skrini ya bluu ikitaja faili lilelile kila mara, fikiria draiva. Ikitaja kitu kipya kila inapokuja, anza na RAM. Niliweka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi nikaiwasha kompyuta kutoka humo, Windows ikiwa haihusiki kabisa. Mistari myekundu ikaanza kushuka pasi ya kwanza haijaisha.

Hapa wengi hutupa vipande vyote viwili na kwenda dukani. Mimi nilivipa herufi kwa kalamu, A na B, nikapima kimoja kimoja katika kila sloti, yaani tundu la kukichomeka. A kwenye sloti ya kwanza: safi. B kwenye sloti ya kwanza: safi. A kwenye sloti ya pili: makosa. B kwenye sloti ya pili: makosa. Vipande havina neno. Sloti ndiyo yenye kesi.

Nikamulika kwa tochi. Kati ya meno ya sloti ya pili kulikuwa na utando wa kijani hafifu umeshikana na vumbi. Anayeishi karibu na ghuba hapa hatashangaa. Chumvi ya bahari haichagui: inakula misumari ya mabati, bawaba za madirisha, vishikio vya sufuria, na kusi likivuma miezi kadhaa mfululizo haishindwi na kasha la kompyuta lenye matundu kila upande. Kabla ya kufika kwangu mashine ilikaa dukani Mtwara mjini, nayo ni pwani vilevile.

Nilisafisha kwa isopropili ya asilimia 99 na mswaki mpya wa nywele laini, nikaacha sloti ikauke usiku mzima. Spiriti ya kawaida ya dukani haifai sana kwa kazi hii, maana mara nyingi ina maji, na maji yakibaki chini ya meno ya sloti umerudi kulekule. Meno ya dhahabu ya vipande vyenyewe niliyapitisha raba ya penseli polepole, kisha nikayafuta kwa isopropili ili chenga za raba zisiingie kwenye sloti.

Memtest86+ ikakesha usiku kucha na vipande vyote viwili. Asubuhi hakuna mstari mwekundu hata mmoja, na tangu siku hiyo skrini ya bluu haijaonekana. Giza la ghafla likaendelea kama kawaida yake.

Aina ya pili: umeme

Ile safu ya daftari ya mambo ya majirani ndiyo iliyofungua mlango. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna karakana ya kuchomelea madirisha na mageti. Nilipopitisha kidole kwenye ukurasa, giza karibu lote liliangukia mchana wa siku za kazi, na mara nyingi nilikuwa nimeandika pembeni: "anachomelea". Ijumaa wakati wa sala karakana inafungwa, na kompyuta haianguki.

Mashine ya kuchomelea inapogusisha chuma hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo, na nyumba zilizo kwenye waya uleule zinaona volti zikishuka. Taa inapepesa kidogo, feni inabadili sauti, basi. Lakini televisheni ilikuwa haizimiki, wala friji. Kwa nini kompyuta peke yake?

Nikapima. Ukutani mita ilisoma volti 220 na kitu, ikishuka kidogo fundi akigusa. Kwenye nyaya za kompyuta, ule wa njano, wa volti 12, dhidi ya mweusi ulisoma 11.7 mashine ikiwa na mzigo. Kiwango cha ATX, kanuni ya umeme wa kompyuta za mezani, kinaruhusu asilimia 5 kila upande, yaani 11.40 hadi 12.60. Kwa mujibu wa mita, pawa saplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme, ni nzima.

Lakini kuna kipimo ambacho mita ya kawaida haikioni. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita kubwa upande wa kuingilia umeme, nazo kazi yake ni ile ya tangi la maji juu ya paa: bomba likikatika kidogo, nyumba inaendelea kutumia kilichomo. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo nusu mzunguko ni milisekunde 10. Pawa saplai iliyo katika hali nzuri inatarajiwa kuhimili takriban milisekunde 16 bila umeme wowote, kompyuta isijue. Kapasita zikichoka muda huo unapungua, na unapungua zaidi mzigo ukiwa mkubwa. Mita yenyewe inasoma wastani wa muda mrefu kuliko hapo. Mtikisiko wa milisekunde kumi umeshapita kabla namba haijabadilika.

Nikaazima UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, kwa dada mwenye steshenari, si kwa ajili ya kuilinda kompyuta bali kuihukumu. UPS za aina hii zinapohama kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri huacha pengo la milisekunde chache. Pawa saplai nzima hailisikii pengo hilo. Nikachomeka kompyuta, skrini na taa ya mezani, vyote kwenye UPS, kisha nikachomoa waya wa UPS ukutani.

Kompyuta ikiwa imetulia: haikuzimika. Nikaipa kazi, Audacity inaondoa kelele kwenye rekodi ndefu huku prosesa ikiwa imejaa, nikachomoa tena: giza. Taa inawaka, skrini inawaka, UPS inalia, kompyuta imekufa. Nikarudia mpaka nikaridhika kwamba si bahati. Taa na skrini vilikuwa mashahidi wangu. Bila hivyo ningeweza kusema betri ya UPS ndiyo mbovu.

Nikafunga pawa saplai niliyoitoa kwenye kompyuta ya jirani iliyokufa mazabodi. Mzigo uleule, nikachomoa vilevile. Haikutikisika.

Kwa fundi wa redio

Ya zamani sikuifungua nyumbani. Volti 230 zikinyooshwa ndani zinafika kama 325, na kapasita zinaweza kukaa nazo hata baada ya waya kuchomolewa. Nilipanda bajaji mpaka mjini kwa mzee anayetengeneza redio karibu na soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umeniletea nini leo?"

Nikamweleza, nikamwonyesha na namba nilizoandika. Akazisoma zote kabla ya kugusa chochote, jambo lililonipendeza. "Mita yako inasema kweli," akasema, "ila inasema polepole." Akafungua, akazimaliza kapasita chaji kwa kuzipitisha kwenye balbu, akazing'oa mbili kubwa. Kwa macho hazina kasoro: hazijavimba, hazijavuja. Zimeandikwa maikrofaradi 470. Moja ilikuwa bado karibu na hapo, nyingine haikufika nusu. Zinafanya kazi kwa pamoja, kwa hiyo iliyochoka inaivuta mwenzake.

Zilikuwa za kuhimili joto la nyuzi 85, si 105. Kanuni ya mafundi ni kwamba kapasita za aina hii hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 joto linapoongezeka. Zilikuwa zimebanwa kwenye boksi lenye feni iliyoziba vumbi, katika mji ambao hata usiku wa Januari unalala mlango wazi.

Mzee alitaka kuweka mpya mbili anirudishie. Nilikataa kwa heshima. Kapasita za upande wa kutokea ni za umri uleule, na sitaki kurudi mjini kila moja ikifika zamu yake. Amebaki nayo, atatumia feni na nyaya. Kabla sijatoka akanionyesha kile kiswichi chekundu cha kuchagua volti 115 au 230 nyuma ya boksi. Wateja wake wengine, anasema, wamewahi kukisukuma kwa kucha kuona kinafanya nini, wakaona.

Ilipofikia sasa

Pawa saplai ya kuazima inashikilia, na karakana inachomelea kama kawaida. Nimeagiza nyingine Kariakoo, itakuja na basi. Masharti niliyompa muuzaji ni haya: isiwe na kiswichi chekundu, yaani ipokee volti 100 hadi 240 yenyewe, iandikwe inahimili milisekunde ngapi, na iwe na uzito mkononi, kwa sababu zile nyepesi kupita kiasi mara nyingi zimepunguziwa vitu ndani. Jambo moja tu linanitia wasiwasi: baadhi ya pawa saplai za kisasa hazielewani na UPS za bei nafuu ambazo mawimbi yake si laini. Hilo halijulikani mpaka uzichomeke pamoja, kwa hiyo UPS ya dada wa steshenari bado sijairudisha, na yeye keshaanza kuiulizia.

Ikifika, jaribio ni lilelile: mzigo kamili, nachomoa waya ukutani. Ikipita naifunga skrubu zote nne. Isipopita inarudi Dar na basi la asubuhi.