Bwanga fupi na joto la Dar

Jamani, kuanzia Desemba mpaka Machi mimi na jinzi ya kubana tunaachana. Joto la Dar linapita nyuzi 30, unyevu kibao, jasho halikauki. Ukishuka kwenye daladala suruali imegandia mapajani. Sasa ni bwanga fupi tu, ile suruali pana inayoishia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Upepo unaingia wenyewe, raha mustarehe.

Ila kitambaa ndiyo kila kitu. Kitani kinanyonya jasho na kukauka upesi. Kinajikunja, sawa, lakini nani atanikagua mikunjo kwenye basi la mwendokasi? Pamba nyepesi nayo inafaa. Polista hapana. Hata ushonewe pana kama hema, utapikika humo humo.

Mimi mfupi, na mashoga zangu walishaniambia bwanga litanimeza. Wapi! Mambo yote yako kiunoni. Nachagua la kiuno cha juu, blauzi nachomekea, au navaa topu inayoishia hapo hapo kiunoni. Juu pana na chini pana, hapo ndipo mtu anapopotea. Ofisini shati jeupe la mikono mifupi, wikiendi makubazi ya ngozi, basi.

Bwanga langu la kijani nimeshonewa na fundi wa mtaani, kitambaa cha sokoni Kariakoo, mifuko mirefu pembeni, simu inazama yote. Mkienda kushona, mifuko itajeni mapema, maana fundi akishapitisha mkasi ndo imetoka hiyo.