Geuka huko kwanza

Jana kliniki binti yangu alikuwa anamtafsiria nyanya yake maneno ya daktari. Ana miaka kumi na miwili. Nikamwona kakunja uso analitafuta neno "figo" kwa Kiswahili na hapo hapo nikarudi Agosti 2016.

Tarehe 9, kura ya mchujo. Eneo letu la 60B, sisi wa mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis na wale wa ng'ambo ya mto karibu na chuo, tunachagua mgombea wa chama wa kwenda bunge la jimbo la Minnesota. Kwa DFL, ndo Democrat wa huku, majina matatu: Phyllis Kahn aliyekaa miaka 44, Mohamud Noor, na Ilhan Omar.

Mamangu uraia alikuwa nao ila Kiingereza hakijamkaa, kwa hiyo niliingia naye, sheria inaruhusu. Nikamsomea karatasi polepole, nikamwambia Ma, ukipaka viduara vya vyama viwili kura imeharibika, shika upande mmoja tu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, huyu Ilhan si ndo aliyekaa Utange? Nikasema ndo huyo, miaka minne kule Mombasa. Na sisi tulikaa kambi hiyo hiyo ya wakimbizi, foleni ya maji naikumbuka mpaka leo. Ma akanyamaza kidogo, akashika kalamu, akasimamisha kiganja pembeni ya karatasi kama ukuta.

"Sasa geuka huko kwanza, mwanangu."

Nikageuka. Nasikia kalamu inakwaruza taratibu, kiduara kimoja kinapakwa mpaka kijae. Tangu nina miaka minane nilikuwa namsomea mama huyu kila kitu, barua za nyumba, za shule, za hospitali, na mengine ambayo mtoto hafai kumwambia mamake, na siku ile ndo mara ya kwanza kuniambia nisitazame. Karatasi akaiingiza kwenye mashine kwa mkono wake, stika nyekundu akaibandika kwenye buibui.

Usiku Ilhan akashinda, Novemba akawa Msomali wa kwanza kuchaguliwa bunge la jimbo Marekani. Watu wanamkumbuka kwa hayo, mimi nakumbuka kwamba kabla ya siasa alifundisha familia mambo ya lishe, na kwamba akiwa na miaka 14 alikuwa anamtafsiria babu yake kwenye mikutano ya chama ya mtaani. Hapo ndo alipoanzia. Kazi ile ile niliyofanya mimi! Yeye ilimpa sauti, mimi mpaka leo nikiona bahasha ya serikali moyo unadunda. Sasa binti yangu itampa nini? Naweza kuomba mkalimani wa kliniki, ni haki yetu, na pengine nitaomba, ila jana alipolipata lile neno nilimwona amekaa wima kabisa.

Kwenye gari akamuuliza nyanya yake, mwaka ule ulimpigia nani? Ma akamshika mkono, akamuuliza ile dawa ya asubuhi ni kabla ya chakula au baada.