Siku yangu gereji: taa ya oili huchelewa kusema

Saa 12:15 asubuhi nilikuwa nimeshafungua geti la gereji, hapa Kizota, Dodoma, kabla hata mama wa maandazi hajafika. Upepo wa Septemba ulikuwa umeanza kusukuma vumbi. Niliwahi kwa ajili ya gari moja, Hilux kuukuu ya dizeli, inayosukumwa na tairi mbili, injini aina ya 3L ya Toyota, iliyolala kwangu tangu jana. Injini iliyopoa usiku kucha ndiyo inayokupa presha ya oili ya baridi ya kweli. Kijana akiiwasha mara moja tu ili aisogeze, kipimo hicho umeshakikosa mpaka kesho yake.

Mwenye gari ni mzee mmoja mkulima wa zabibu kutoka Mvumi. Mavuno yako shambani na taa ya oili inamulika gari likiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta. Fundi aliyembadilishia mkanda wa taimingi miezi miwili iliyopita alimwambia presha imeshuka, akaongeza washa mbili (vile vyuma bapa vya duara) nyuma ya springi ya vali ya presha kwenye oili pampu, akamjazia na oili nzito. Taa ikatulia wiki chache, kisha ikarudi.

Nikaanza na geji ya kupimia presha ya oili. Hapa ndipo wengi wanaojifungia wenyewe nyumbani wanapoua bloku ya injini, kwa hiyo nieleze taratibu. Unatoa swichi ya oili inayowasha ile taa, unafunga adapta mahali pake. Toyota nyingi za zamani swichi yake ina meno ya kipimo cha 1/8 ya BSP, nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi za dukani zinakuja na 1/8 ya NPT, kipimo kingine, nyuzi 27. Ukizishika mkononi huoni tofauti. Unaanza kufunga kwa vidole, inaingia vizuri mzunguko mmoja, wa pili, halafu inakaza. Mtu anadhani imefika, anachukua spana. Pale ndipo meno ya bloku yanapochanika. Mimi ikikaza mapema kwa vidole naitoa, naisogeza kwenye mwanga, nahesabu.

Mambo mengine mawili siyafanyi kabisa. Siweki ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji, kwa sababu kipande kikikatika ndani kinasafiri na oili mpaka kwenye tundu dogo na kuliziba. Wala siachi sensa nzito ya geji ining'inie juu ya adapta nyembamba ya shaba, maana mtetemo wa dizeli unaikata pale shingoni na oili yote inamwagika barabarani. Sensa naifunga kwenye bodi, halafu hozi fupi ya oili ndiyo inayotoka kwenye bloku.

Saa 1:20 mzee akaingia, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umelionaje?"

"Ndio naliwasha, sogea uone na wewe."

Sindano ya geji ilipanda moja kwa moja hadi 100 psi (kipimo cha presha), mwisho wa geji, ikabaki imelalia pale. Mzee akatabasamu, akaniambia presha si hiyo hapo, tele. Nikamwomba asubiri ipate moto. Nikashuka chini na tochi kuangalia filta, nikapitisha kidole kwenye kitako chake. Kilikuwa kimetoka nje, kimeota tumbo, na pembeni mwa sili kulikuwa na unyevu wa oili. Filta nzima kitako chake hakitokezi hivyo. Presha ya asubuhi imekuwa ikiisukuma kila siku tangu zile washa ziwekwe.

Tukatoka nalo barabara ya Nala, tukarudi. Dakika kama 40, mpaka oili yenyewe ikashika moto. Maji kupata moto hakutoshi, oili huchelewa nyuma yake. Sailensa: psi 4, sindano inacheza. Mizunguko 3,000 kwa dakika: psi 24.

Kitabu cha Toyota cha injini hii kinakubali sailensa kuanzia 0.3 kg/cm² (kilo kwa sentimita ya mraba), ambayo ni kama psi 4. Kwa hiyo sailensa imefaulu, kwa kupapasa. Lakini kwenye 3,000 kinataka angalau 2.5, yaani karibu psi 36, na hapo imeanguka vibaya. Ndiyo maana napigania geji kwenye gari la zamani. Taa ya kiwandani inawaka presha ikishakaribia kuisha. Ukiwa barabarani na mzigo, psi 24 badala ya 36, taa imezima kabisa na wewe unaimba na redio huku metali, yaani beringi za ndani ya injini, zinalika.

Mzee akauliza kwa nini washa hazikusaidia. Nikamchorea kwa kidole kwenye vumbi la boniti. Vali ya presha kazi yake ni kufunguka presha inapozidi, imwage oili ya ziada. Ukiiongezea washa, springi inakuwa ngumu, vali inachelewa kufunguka. Kwa hiyo umepandisha dari. Asubuhi oili ikiwa nzito, presha inapanda kupita kiasi na kuumiza filta. Ikishapata moto, oili inapenya kwenye metali zilizolika, presha haifiki hata pale pa kuifungua vali, basi washa ziwepo zisiwepo hazina kazi. Na oili nzito inapandisha namba kwenye geji tu. Asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, na kinachookoa metali ni oili kupita, presha peke yake haitoshi.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Fungua."

Vijana wakalitia kwenye stendi na kumwaga oili. Saa 4 chai. Kijana wa Corolla ya deiwaka akaja kutaka nimzibie bomba la kupumulia injini kwa sababu linatapika oili kwenye njia ya injini kuvutia hewa. Nikamkatalia. Ukiliziba, ule upepo unaovuja pembeni mwa pistoni utatafuta njia nyingine, na njia ya karibu ni sili za kreni, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Nikamwonyesha namna ya kuweka kopo lenye bomba la kuingilia na la kutokea, wazi, ajaze steluli ndani, na amwage kila wiki. Lakini ringi zake zimechoka, nikamwambia na hilo.

Saa 5 nikahamia kwenye Land Rover Defender, 300Tdi, iliyovutwa jana kutoka upande wa Mtera. Gari hizi zinatoka kiwandani na rejeta ndogo ya oili, na themostati yake iko kwenye nyumba ya filta. Mabomba yalipooza kutu, mwenyewe akayatoa, akaweka mpira wa maji ya rejeta na klemu za kukaza kwa bisibisi. Gari likaenda vizuri miezi kadhaa. Likipanda Fufu juzi, mpira ukapasuka. Nilikata kipande nikakiminya: ndani umekuwa laini kama ufizi, unaacha weusi kwenye vidole. Mpira wa maji ukipitishiwa oili ya moto unavimba na kuoza. Bahati yake aliona moshi kwenye kioo akazima injini pale pale, hakungoja taa. Nilipeleka vipimo kwa fundi wa hozi wa mashine nzito, akatengeneza mbili za haidroliki zenye waya ndani na ncha za kubana kwa mashine. Klemu haikai kwenye njia ya oili yenye presha, hata ukiweka mbili.

Mchana ugali na mlenda.

Saa 8 sampu ya Hilux, bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imeshushwa. Kwenye kitako chake, tope jeusi, na nilipolipangusa na kitambaa cheupe likameta chembe za rangi ya shaba. Tukafungua koneti namba 3, mkono unaounganisha pistoni na kreni. Metali ya juu, ambayo ndiyo inayobeba kipigo, ile ngozi ya kijivu ilikuwa imekwisha katikati, shaba imetokeza kama sarafu. Mikromita kwenye shingo ya kreni ikaonyesha imekuwa yai kwa milimita 0.04. Toyota wanavumilia 0.02. Kuweka metali mpya juu ya shingo ya hivyo ni kumrudisha mzee hapa kabla ya mavuno yajayo. Kreni lazima itoke, ichongwe, iwekewe metali za kipimo cha chini kinachofuata.

Nilimwita akaona kwa macho yake. Aliishika ile metali muda mrefu, akaigeuza, akauliza kama angekuja mapema ingepona. Nikamjibu ukweli: mwezi Julai huenda kreni isingehitaji kuchongwa. Akatoka nje kupiga simu kutafuta Canter ya kukodi, zabibu haziwezi kungoja.

Saa 11 jioni Land Rover. Tukajaza filta oili kabla ya kuifunga, tukachomoa waya wa solenoidi inayofungulia dizeli ili injini isiwake, tukapiga stata kwa vipindi vifupi huku geji ya majaribio ikiwa imefungwa. Cha kwanza, sindano haikusogea. Cha pili, vilevile. Cha tatu ikatikisika, ikapanda. Hapo ndipo tukarudisha waya na kuwasha, kisha tukaongeza oili kidogo, kwa kuwa rejeta na hozi tupu zimemeza ya kwao. Hakuna tone chini.

Saa 1 usiku nikaandika kwenye daftari la Hilux: baridi imepita 100, moto sailensa 4, moto 3,000 ni 24, shingo namba 3 yai 0.04, washa mbili zitolewe. Kesho asubuhi tunaleta winchi.