Kidaraja cha kenchi, wiki ya saba: nondo zimenyamaza

Kimya! Jana jioni upepo wa ziwani ulipanda hadi karibu mita 4 kwa sekunde, nikakaa juu ya jiwe hapa Ilemela, Mwanza, nikisubiri ule mlio wa "mmmm" wa nondo za kidaraja changu mpaka mbu wakanifukuza. Hakuna kitu.

Kidaraja chenyewe, mita 6 kutoka jiwe hadi jiwe, hakikuwahi kuwa na shida. Zilizonitesa ni nondo za mshazari: laini, milimita 12, sentimita 90 kati ya weldi na weldi. Nilipiga hesabu ya masafa, yaani nondo inatetemeka mara ngapi kwa sekunde (Hz), kama vitabu vya kenchi vinavyotaka, ncha zikiwa bawaba, huru kugeuka. Jibu: 29 Hz. Simu nikaifunga kwenye nondo kwa mpira wa tyubu, ikasema 38. Nikajidanganya kwamba weldi zimekaza kidogo, basi. Lakini kwa 38 mlio ungeanza upepo ukiwa mita 2.3 (upepo ukiipita nondo huisukuma kwa zamu huku na huku: masafa mara unene kwa mita, gawa kwa 0.2), na wenyewe ulikuwa unakuja karibu na 4. Wiki mbili nimekitukana kipima upepo cha watu. Kinisamehe.

Mpwa wangu anapiga gitaa la bezi kwaya. Alikuja kula sato, akaweka sikio kwenye nondo: "Mjomba, hii ni B. Uzi wa A, kizuizi cha pili."

Noti hiyo ya B ni 61.7 Hz. Nusura nimwage ugali. Kihisi cha simu yangu kinasoma mara 100 kwa sekunde. Chochote kinachopita 50 kinajikunja na kurudi chini. 100 toa 62 ni ngapi? Thelathini na nane! Nikarudia hesabu kwa ncha zilizobanwa kabisa, nikapata 66. Weldi si bawaba, jamani. Na 62 inataka upepo wa mita 3.7.

Kwa hiyo simu ifungeni kwenye vitu virefu vinavyoyumba polepole, hata Daraja la Kigongo–Busisi, lile la juu ya Ziwa Victoria, ukitaka. Kwa nondo fupi tumieni maikrofoni.

Dawa imekuwa waya wa kufungia, mizunguko sita pale mishazari inapokatana. Kila moja inamshika mwenzake katikati. Commodore Barry kule Marekani, daraja la kenchi lililofunguliwa 1974, vyuma vyake vyembamba vilitetemeshwa na upepo wakati wa ujenzi hadi vikapata nyufa. Mimi nimeponea kwenye kelele.

Leo ilikuwa siku ya rangi. Ila nimegundua kwamba nondo ya milimita 6 yenye sentimita 45, nusu kwa nusu, italia B ya oktava moja juu yake kwa upepo uleule. Nusu ya unene, nusu ya urefu, mita 3.7 palepale! Mpwa ameshaniandikia noti nane za muziki nizikatie nondo. Kopo la rangi bado limefungwa, na grenda iko mkononi.