Nilivyojifunza kuisoma ramani ya nasaba za kuumeni

Rafiki yangu alinitumia majibu ya kipimo chake cha vinasaba akitaka nimfafanulie. Kwao ni upande wa Ziwa Chad, na mababu zake wote anaowajua ni wa huko huko. Majibu yalisema kromosomu yake Y iko katika haplogrupu R1b, yaani kundi la ukoo wa kuumeni lenye jina hilo. Nikafungua ramani ya kwanza niliyoikuta, nikaona R1b imekoleza Ireland, Ufaransa na Uhispania, nikamjibu bila kusita kwamba mmoja wa babu zake alikuwa Mzungu. Alikaa kimya siku mbili. Kisha akaniuliza: "Babu yupi?"

Sikuwa na jibu. Nikirudi kuitazama ile ramani naona rangi tu: R1b kwa Ulaya magharibi, O kwa Asia mashariki, Q kwa wenyeji wa Amerika, E kwa Afrika. Nilikuwa nazichukulia herufi hizo kama majina ya makabila, kana kwamba kila moja ina nchi yake.

Nilichofanya ni kuiweka ramani kando kabisa, nikachukua karatasi kubwa na penseli, nikaanza kuchora mti. Msingi wake ni mwepesi kuelewa. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na sehemu yake kubwa haichanganyiki na chochote kitokacho kwa mama. Ina herufi za kinasaba zaidi ya milioni 60. Mara moja moja herufi moja hubadilika, na tangu hapo wanaume wote wa uzao ule wanabeba badiliko hilo kama alama ya ukoo. Haplogrupu ni watu wanaoshiriki alama kama hiyo, basi. Herufi za kwenye ramani, A hadi T, ni utaratibu wa kupanga matawi tu, na msingi wa utaratibu huo ulikubaliwa mwaka 2002.

Shina liko Afrika. Tawi la kale kuliko yote linaloitwa A00 lilitangazwa mwaka 2013. Lilianza kuonekana kwa Mmarekani mweusi mmoja, kisha likakutwa kwa watu wa kabila la Mbo, magharibi ya Kamerun. Matawi mengine ya A yako kwa Wasan na kwa watu wa bonde la Nile, na B iko kwa Wahadzabe na kwa Wambuti wa msitu wa Kongo. Baada ya hapo inakuja alama M168, ambayo inabebwa na karibu kila nasaba ya kuumeni iliyotoka Afrika, na pia na Waafrika wengi waliobaki.

Hapo nilipokea mshtuko wangu wa kwanza. Tawi la E, ambalo ndilo la wanaume wengi wa Afrika, lina ndugu mmoja wa karibu, na ndugu huyo ni D. Yeye anapatikana Tibet, Japani na visiwa vya Andaman! Wote wawili wanabeba kipande kilekile cha herufi kama 300 kilichojipachika mahali pamoja kwenye kromosomu. Kwenye ramani wametenganishwa na bahari na milima, lakini kwenye mti wametoka kifundo kimoja. Nilikaa muda mrefu nikiitazama ile sehemu ya karatasi. Hakuna rangi ya ramani ingeweza kunionyesha hilo.

Nilipofika R, jibu la rafiki yangu likaanza kujitokeza. R na Q ni ndugu, wana wa tawi liitwalo P. Q ilivuka kuingia Amerika, wakati R ilisambaa magharibi na kusini. Mabaki ya mtoto aliyezikwa Mal'ta, karibu na Ziwa Baikal huko Siberia, yapata miaka 24,000 iliyopita, yana R ya kale sana. Kwa hiyo hata Ulaya yenyewe haiwezi kudai kwamba R ni mzaliwa wake. Wingi wa R1b tunaouona leo magharibi ya Ulaya, kwa sehemu kubwa, ulikuja na watu wenye asili ya nyika za mashariki ya Ulaya kiasi cha miaka 4,500 iliyopita. Tawi lao linaitwa M269.

Nikarudi kwenye majibu ya rafiki yangu. Baada ya R1b kulikuwa na maandishi madogo niliyoyaruka mwanzoni: V88. Maandishi hayo ndiyo yenye habari yote. V88 na M269 ni matawi mawili yaliyoachana maelfu mengi ya miaka kabla M269 haijaenea Ulaya magharibi. V88 imekutwa kwenye mifupa ya wawindaji wa kale wa bonde la mto Danube huko Ulaya, na leo ngome yake ni bonde la Ziwa Chad. Kwa baadhi ya makabila ya kaskazini ya Kamerun inazidi wanaume tisa kati ya kumi. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba iliingia Sahara ilipokuwa bado ya kijani, yenye maziwa na malisho, ikabaki kusini baada ya Sahara kukauka na kuwa jangwa.

Nilimpigia simu usiku uleule, nikamwomba radhi kabla ya salamu kwisha. Hakuna Mzungu aliyefichwa kwenye ukoo wake. Hao ni baba zake, na wamekuwa Afrika kwa maelfu ya miaka.

Ndipo niliporudia ramani, safari hii yangu mwenyewe, nikiichora juu ya mti. Sheria niliyojiwekea ni kutoandika herufi tupu bila alama ya tawi dogo. Amerika niliichora kama ilivyokuwa kabla ya Columbus kufika mwaka 1492, kwa sababu ramani isiyotaja wakati wake inapotosha. Pia nilijizuia kusoma wingi kama uzee. Haplogrupu moja inaweza kutapakaa mahali kwa sababu tu wachache walioanzisha jamii walikuwa nayo, na ndivyo ninavyoielewa N ilivyoshika nafasi kubwa Finland.

Nilitaka pia kumwonyesha rafiki yangu ukomo wa jambo lenyewe. Ukirudi nyuma vizazi kumi, nafasi za mababu na mabibi ni 1,024, na kromosomu Y inamzungumzia mmoja tu kati yao. Katika Antioquia, Colombia, nasaba za kuumeni zaidi ya asilimia 90 zinatoka Ulaya, huku za kukeni takriban asilimia 90 zikitoka kwa wenyeji wa Amerika. Watu ni walewale.

Alisikiliza, kisha akauliza kuhusu baba wa mama yake, mzee aliyempenda sana. Kromosomu Y ya mzee huyo rafiki yangu hana, wala mama yake hana. Lakini mjomba wake anayo. Alimweleza, mjomba akakubali kupimwa, na nafasi yake kwenye karatasi yangu nimeshaiacha wazi.