Tarehe Moja, Nia Mbili

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juzi nilikwenda ofisi ya parokia kuandikisha nia ya misa, na wakati katibu akitafuta kalamu nikawa nachungulia daftari lake. Tarehe 14 Oktoba ilikuwa imejaa. "Kumwombea marehemu baba." Chini yake: "Shukrani, kuzaliwa kwa mapacha." Wino uleule wa bluu.

Tarehe hiyo Watanzania tunaijua. Mwalimu Nyerere alifariki siku hiyo mwaka 1999, London, katika hospitali ya St Thomas'. Dada yangu alikuwa leba siku ileile. Mtoto akatoka, na dada akawaona wakunga wanalia. Akajua basi, mtoto hayupo. Hakuna aliyemsemesha, mpaka mmoja alipojifuta macho kwa pindo la gauni: "Hapana mama, wako mzima. Ni Mwalimu."

Binti huyo alikua akiamini shule zinafungwa kwa ajili yake. Hatukuwa na haraka ya kumsahihisha.

Tarehe hiyohiyo, mwaka 1930, Mobutu alizaliwa Lisala, Kongo. Enzi za urais wake, Kongo ikiitwa Zaire, siku yake ya kuzaliwa ilikuwa sikukuu, na ni yeye huyo ambaye serikali yake iliiondoa Krismasi kwenye sikukuu za taifa mwaka 1974. Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado hunishangaza: kuzaliwa kwa Bwana, watu waende kazini, kuzaliwa kwa rais, wapumzike. Alifia uhamishoni Rabat, Moroko, mwaka 1997, akazikwa hukohuko. Wa kwetu alirudishwa Butiama, na Jimbo la Musoma likaanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Hukumu si kazi ya jumuiya yetu, namwachia Mungu.

Ila Kanisa lina hesabu yake ya siku. Katika kalenda ya liturujia tunaadhimisha kuzaliwa kwa watatu tu: Bwana wetu, Mama Maria tarehe 8 Septemba, na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni. Watakatifu wengine, kwa kawaida, tunawakumbuka siku waliyokufa. Wakristo wa Smirna, baada ya askofu wao Polikarpo kuuawa kwa ajili ya imani, waliiita siku ile siku yake ya kuzaliwa. Na tarehe 14 Oktoba yenyewe ni ya Mtakatifu Kalisti, Papa aliyewahi kuwa mtumwa. Nani aliandika tarehe ya kuzaliwa ya mtumwa? Ya kufa ndiyo ikabaki.

Mhubiri 7:1 inasema: "Heri sifa njema kuliko marhamu ya thamani, na siku ya kufa kuliko siku ya kuzaliwa." Zamani niliiruka aya hii, nikiiona ni ya mtu aliyechoka na maisha. Sasa naona kwa nini nusu zake mbili zimekaa pamoja. Marhamu hununuliwa, na sherehe ya kuzaliwa pia. Sifa njema, mpaka safari iishe ndipo ijulikane.

Mwaka jana mpwa wangu alilipia nia mbili mwenyewe: moja ya kumwombea Mwalimu, nyingine ya shukrani kwa maisha yake. Katibu akamuuliza aanze kuandika ipi.

"Ya Mwalimu," akasema. "Yeye amemaliza. Mimi bado."